Sauti Isiyobisha Hodi: Historia ya Umeme, Ubongo na Maneno ya Mgonjwa wa Skizofrenia

  Punguza moto chini ya sufuria, vuta mkeka, tukae kitako.

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu twauita wazimu au kichaa. Madaktari wanauita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 24 duniani wanao, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watu 300. Mara nyingi huanza mtu anapokuwa kijana, mwishoni mwa shule au katika miaka ya 20, wakati ambapo mama anatarajia kuanza kupumzika.

Tuseme una kijana wa miaka 19. Alimaliza shule vizuri. Sasa ni miezi kadhaa amejifungia chumbani. Usiku unamsikia akizungumza, na ukichungulia, yuko peke yake. Ukimwuliza, "Mwanangu, umekula?" anaanza na chakula, anarukia bahari, kisha redio, kisha anataja neno ambalo hujapata kulisikia katika Kiswahili, Kigiriama wala Kiingereza. Maneno ni mengi, lakini maana huipati.

Jirani mmoja atakwambia, "Mama, huyo mtoto karogwa." Mwingine atasema, "Ni bangi hiyo." Wa tatu hatasema mbele yako, lakini maneno yatakufikia: "Ni malezi. Mamake alimdekeza."

Swali letu la leo ni hili: sauti anazosikia na maneno anayoyachanganya yanatoka wapi? Watu wamelitafuta jibu kwa zaidi ya miaka 160, na chombo kimoja walichotumia ni umeme. Tuifuate safari hiyo pamoja. Ndani yake mna jibu la mama anayelaumiwa.

MANENO YANA MAKAO YAKE

Safari inaanza Paris, Ufaransa, mwaka 1861. Daktari Paul Broca alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka mingi mtu huyu aliweza kutamka sauti moja tu, "tan." Ukimwuliza jina, "tan." Ukimwuliza habari, "tan, tan." Hata hivyo alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alichunguza ubongo wake na kuona kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, aliwaeleza wagonjwa wa namna nyingine. Hawa walizungumza kwa wepesi, maneno yakitiririka, lakini hayakuwa na maana, nao hawakuelewa walichoambiwa. Kidonda chao kilikuwa upande uleule wa kushoto, lakini nyuma zaidi, karibu na sikio.

Basi ikajulikana kwamba lugha ina makao katika ubongo. Sehemu moja inasaidia kutunga na kutamka, nyingine inasaidia kusikia na kuelewa, na kati yake kuna njia za mawasiliano. Sehemu moja ikiharibika, au njia zikivurugika, maneno hupotea.

UBONGO WAGUSWA KWA UMEME

Mawasiliano ndani ya ubongo hupita kwa umeme mdogo sana ambao mwili wenyewe unautengeneza. Kwa hiyo madaktari walijiuliza: je, tukiongeza umeme kidogo kutoka nje, tutaona nini?

Aliyejibu vizuri ni Wilder Penfield, daktari wa upasuaji huko Montreal, Kanada, ambako taasisi yake ilifunguliwa mwaka 1934. Alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa. Kabla ya kukata alitaka kujua makao ya lugha yako wapi, asije akayagusa kwa kisu. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kwa hiyo mgonjwa alitiwa ganzi ya ngozi ya kichwa tu, akabaki macho akizungumza.

Penfield aligusa ubongo kwa waya wenye umeme hafifu huku mgonjwa akionyeshwa picha. Umeme ukigusa sehemu fulani, mgonjwa aliiona picha, alijua ni kitu gani, lakini jina halikutoka. Waya ukiondolewa, jina lilirudi. Na alipogusa sehemu za pembeni, karibu na masikio, baadhi ya wagonjwa walisikia sauti za watu au muziki, ingawa chumbani hapakuwa na mtu aliyesema wala aliyeimba.

Fikiria jambo hilo, mama. Hapana jini mle chumbani, hapana uchawi. Waya uliguswa mahali fulani, na sauti ikasikika.

MTU WA STESHENI YA ROMA

Jina skizofrenia lenyewe lilitolewa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler. Maana yake ni akili iliyopasuka. Hakumaanisha kwamba mtu mmoja amekuwa watu wawili. Alimaanisha kwamba nyuzi zinazounganisha wazo na wazo zimelegea. Ndiyo maana kijana anaanza na chakula na kuishia baharini.

Mwezi wa Aprili mwaka 1938, polisi mjini Roma, Italia, walimkuta mwanamume akirandaranda katika stesheni ya treni. Alizungumza maneno ya kujitungia ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alipelekwa hospitali kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, madaktari waliokuwa wametengeneza mashine ya kupitisha umeme kichwani ili kuleta mtukutiko kama wa kifafa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupitishiwa umeme huo. Baada ya matibabu kadhaa alianza kusema maneno ya kueleweka, na akaruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini baadaye ugonjwa ulimrudia.

Hapa Utange tuna la kujifunza kutokana na kisa hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia hapa, nasi tulikutana na wageni ambao hatukuielewa lugha yao. Kutoelewa lugha ya mtu si dalili kwamba ni mgonjwa. Wenzake wanamwelewa. Maneno ya yule mtu wa Roma hayakuwa lugha ya watu wowote, na hiyo ndiyo tofauti.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtu yule hakuombwa ruhusa. Alijaribiwa akiwa peke yake, bila ndugu wa kumsemea. Matibabu hayo bado yapo duniani, lakini siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa na misuli yake hulegezwa, na ruhusa huombwa. Mgonjwa wako anapopelekwa hospitali, wewe ndiye unayekaa pale kumsemea. Uliza anapewa nini na kwa nini. Hiyo ni haki yako na yake, wala si utovu wa adabu.

WATAALAMU WALIPOKOSEA

Usidhani kila aliyevaa koti jeupe alisema kweli. Mifano miwili yatosha.

Wa kwanza ni wa hapa Kenya. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wagonjwa wa akili. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Huo haukuwa ukweli wa ubongo, ulikuwa dharau ya enzi ile iliyovikwa nguo za sayansi. Katika miaka ya 1960 na 1970 shirika hilohilo lilichunguza skizofrenia katika nchi tisa, Nigeria ikiwa mojawapo, na ugonjwa ukaonekana kote. Ni ugonjwa wa binadamu, hauna kabila.

Mfano wa pili unakuhusu wewe mama. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama ambaye kwa ubaridi na ukali wake humfanya mtoto apate skizofrenia. Wengi waliliamini neno hilo. Kwa miaka mingi, akina mama waliowaleta watoto wao hospitali walirudi nyumbani na mzigo wa lawama.

Mwaka 1966 mtafiti Leonard Heston alilipima jambo hili. Alitafuta watu 47 waliozaliwa na mama wenye skizofrenia lakini waliotenganishwa nao wakiwa wachanga na kulelewa na watu wengine. Aliwalinganisha na wengine 50 waliotenganishwa vivyo hivyo, ambao mama zao hawakuwa na ugonjwa huo. Katika wale 47, watano walipata skizofrenia. Katika wale 50, hakuna hata mmoja. Kwa hiyo sehemu ya hatari hupita katika damu ya ukoo, hata mtoto akilelewa mbali. Na tazama vizuri: wengi katika wale 47 hawakuugua. Kuwa na ndugu mgonjwa si hukumu.

Yako mambo mengine yanayoongeza hatari, na bangi ni mojawapo, hasa ikianzwa mapema. Hapo jirani yako hakukosea kabisa. Lakini kumdekeza mtoto hakuleti skizofrenia, wala kumkaripia.

SAUTI ISIYOBISHA HODI

Sasa turudi kwa zile sauti. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Louis Gould, alimsikiliza kwa vyombo vya kukuza sauti mgonjwa aliyesema anasikia watu. Aligundua kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa akinong'ona kwa chini sana, na minong'ono hiyo ilifanana na maneno aliyosema anayasikia.

Mwaka 1993 madaktari wa London, wakiongozwa na Philip McGuire, walipiga picha za ubongo wa wanaume 12 wenye skizofrenia, mara moja wakiwa wanasikia sauti, na mara nyingine zikiwa zimetulia. Sauti zilipokuwapo, sehemu ileile ya Broca, ile ya kutunga maneno, ilikuwa ikifanya kazi zaidi.

Maana yake nini? Sote tuna maneno ya moyoni. Unapoosha vyombo unajisemea, "Kesho nisisahau kununua mafuta ya taa." Hushtuki, kwa sababu unajua ni wewe. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba ubongo unapotunga neno, hupeleka taarifa mapema upande wa kusikia. Ni kama mtu wa nyumbani anayebisha, "Hodi, ni mimi." Upande wa kusikia unatulia, unajua ni mwenyeji.

Kwa mtu mwenye skizofrenia, taarifa hiyo ni dhaifu. Neno limetungwa na ubongo wake mwenyewe, lakini linaingia bila hodi. Basi linasikika kama la mgeni. Na mgeni anayeingia usiku bila hodi, nani asiyemwogopa? Mwanao hasemi uongo anaposema, "Mama, wananiita." Kweli anasikia. Kinachokosekana ni ile hodi.

SUMAKU BADALA YA KISU

Wazo hili lilihitaji kupimwa. Penfield alihitaji kufungua fuvu, lakini huwezi kumpasua mtu kwa ajili ya kujaribu wazo. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walitengeneza kifaa chenye waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo kwa ghafla, hutoa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu bila jeraha na kuchochea sehemu ndogo ya ubongo. Mtu hukaa kitini akiwa macho, anasikia mlio wa ta, ta, ta, na kuguswaguswa kichwani.

Ralph Hoffman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaza hivi: kama sauti zinatokana na sehemu ya kusikia lugha, upande wa kushoto juu ya sikio, basi tukiituliza sehemu hiyo, sauti zipungue. Alitumia mapigo ya polepole, moja kila sekunde, kwa sababu mapigo ya namna hiyo hutuliza. Mwaka 1999 alitoa taarifa ya wagonjwa watatu. Mwaka 2000 aliongeza hadi 12, na kila mmoja alipata pia matibabu ya kuigiza ambayo hayakuwa na nguvu, ili kulinganisha. Sauti zilipungua zaidi kwa yale ya kweli.

Mwaka 2012 huko Lyon, Ufaransa, Jérome Brunelin na wenzake walijaribu njia nyingine: umeme hafifu kupitia vibandiko viwili vilivyowekwa kichwani, dakika 20, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Wagonjwa walikuwa 30, nusu wakipata umeme wa kweli na nusu wa kuigiza. Waliopata wa kweli, sauti zao zilipungua kwa takriban asilimia 31.

Lakini, mama, tusikimbilie shangwe. Watafiti wengine walipojaribu sumaku kwa wagonjwa wengi zaidi, baadhi hawakuona tofauti na ile ya kuigiza. Vivyo hivyo kwa ule umeme wa vibandiko. Wako wanaopata nafuu, wako wasiopata, na nafuu yenyewe mara nyingi haidumu. Kwa hiyo hii si dawa ya kungoja wala ya kuuza ng'ombe kuitafuta. Faida yake kubwa mpaka sasa ni elimu: imewasaidia watafiti kupima uhusiano kati ya zile sauti na njia za lugha katika ubongo. Na mtu akikuletea kifaa cha sumaku cha kuvaa kichwani au cha umeme, akisema kinaponya wazimu, mkatalie. Umeme wa nyumbani usiusogeze kabisa karibu na kichwa cha mtu.

UTAFITI NA TIBA KARIBU NASI

Watu wetu wa Pwani pia wameingia katika utafiti. Kuanzia mwaka 2018, uchunguzi mkubwa uitwao NeuroGAP-Psychosis ulifanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini kutafuta chembe za urithi zinazohusika na magonjwa haya. Kwa upande wa Pwani ulisimamiwa na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walioko Kilifi, na maswali yaliulizwa pia kwa Kiswahili.

Tiba iliyo msingi bado ni dawa. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952. Zipo za vidonge na zipo sindano za kila baada ya wiki kadhaa kwa yule anayesahau vidonge. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz huko Changamwe ina kitengo cha afya ya akili. Anza na zahanati iliyo karibu nawe, watakuelekeza. Ukiwa mtu wa dua na maombi, endelea nayo. Dua na dawa havigombani. Lakini usimfunge mtu kamba wala mnyororo, na usimwachishe dawa ghafla kwa sababu ametulia. Ametulia kwa ajili ya dawa.

MANENO YA NYUMBANI

Nimekwambia kwamba maneno yako hayakuleta ugonjwa. Hata hivyo yanaweza kumsaidia kukaa vizuri. Huko London, George Brown na wenzake walionyesha mwaka 1972 kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya kulaumiwa na kugombezwa kila mara huugua tena kwa urahisi kuliko anayerudi katika nyumba yenye utulivu.

Na mwaka 2014 mtafiti Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mahojiano na watu 60 wanaosikia sauti: 20 California, 20 Accra na 20 Chennai, India. Wamarekani wengi walisimulia sauti za matusi na ukatili. Accra na Chennai, wengi zaidi walisema sauti ni za Mungu au za jamaa, na baadhi zilikuwa za upole. Inaonekana maisha yanayomzunguka mtu huchangia zile sauti zinavyomsemesha.

Basi mwanao akisema, "Mama, wananiita," usimwambie, "Nyamaza, hakuna kitu." Wala usijifanye unazisikia. Mwambie, "Mwanangu, mimi sizisikii, lakini najua wewe unazisikia, na najua zinakuogopesha. Niko hapa." Sema sentensi fupi. Uliza jambo moja kwa wakati. Zima redio mnapozungumza. Akichanganya maneno, usimcheke mbele ya ndugu zake.

KUMBUKA

1. Sauti na maneno yaliyochanganyika ni dalili za ugonjwa unaogusa njia za lugha katika ubongo. Si laana, si kosa la mama.

2. Mtu akichanganyikiwa ghafla, na hasa akiwa na homa, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani au maradhi mengine.

3. Sauti zikimwamuru ajidhuru au adhuru mtu, usimwache peke yake na usingoje kesho.

4. Anayetibiwa mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kazini, shuleni na katika maisha yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Je, mtaani kwetu tunamwitaje mtu mwenye ugonjwa huu, na jina hilo linamsaidia au linamwumiza? Mama mwenye mgonjwa akikosa kuja kikundini mara tatu, nani kati yetu atakwenda kumbishia hodi?